Kigari Chekundu na Nyonga ya Bibi Brigita

Mvua imekatika alfajiri na njia ya kijiji cha Marambo bado inang'aa maji. Auleria Chitanda anavua kandambili, anaingia pekupeku ndani ya kigari chekundu na kukanyaga klachi kuisikia. Kiti cha nyuma amekaa Bibi Brigita, mkoba mapajani, nyonga ya kushoto mbovu.

"Twende, Mama Faith," anasema bibi. "Ukiniacha njiani leo, kwako sipandi tena."

Hatanii. Auleria anajua hatanii.

Auleria, au Mama Faith kama wengi wanavyomwita, ana miaka 43. Ni dereva wa gari la kukodi mjini Nachingwea. Anapeleka walimu na wafanyabiashara Ruangwa, na anaingia vijijini kuchukua wajawazito na wazee wanaokwenda hospitali. Siku ikiwa nzuri hubaki na shilingi elfu thelathini na tano baada ya kutoa mafuta.

Gari lake la zamani ameliuza. Sasa anatafuta lingine, na hataki lolote tu. Anataka dogo, jepesi, la gia za mkono, linaloitika likikanyagwa.

"Watu wanadhani mwanamke anataka gari la kubebea mboga," anasema. "Mimi napenda gari lenye hasira."

Mwanzoni yalikuwa matatu. Subaru ya dalali Rashidy aliiacha mapema. Aliipenda, lakini kila spea ingebidi iagizwe Dar es Salaam, na yeye hawezi kukaa wiki nzima bila kazi akisubiri kifurushi. Yakabaki mawili. Swift nyekundu ya Fidel, mfanyabiashara wa Ruangwa, yenye matairi mapana na spoila nyuma. Na Runx nyeupe ya mwalimu Nicholaus, anayehamia mkoa mwingine.

Kwenye lami ya Ruangwa hakukuwa na mashindano. Nyekundu ilichomoka, ikashika kona bila kuyumba, breki zikauma pale pale alipotaka. Nyeupe nayo inakimbia, lakini mpaka uibembeleze. Auleria aliiendesha nyekundu mara nne kwa wiki mbili, kila mara akiweka mafuta yake, mpaka mwenye gari akachoka.

"Mama Faith, hii gari unainunua au unaichumbia?" Fidel alimuuliza mbele za watu.

"Nikishaijua tabia ndiyo nitaleta mahari," akajibu.

Mtu mwingine angeshanunua. Huku magari hununuliwa msimu wa korosho. Hela inaingia Oktoba, Novemba, njia zote kavu, ngumu kama sakafu. Mtu analijaribu gari kwenye vumbi, linamfurahisha, analipa. Mvua zikianza ndipo anajua kanunua nini. Kila Machi utaona magari mazuri yamepumzika chini ya maturubai, wenyewe wanatembea kwa miguu. Wanajua, na msimu ukirudi wanafanya vile vile.

Auleria naye alifanya hivyo. Miaka mitatu iliyopita, baada ya mauzo ya korosho za shamba la mama yake kule Mkotokuyana, alinunua gari la chini, la mbio. Februari alikwenda Marambo kumchukua Bibi Brigita aende hospitali. Wakati wa kurudi mvua kubwa ilikuwa imeshapiga, na bondeni, kabla ya mteremko kuisha, aliona maji. Alimwambia bibi kwamba gari litapita.

Halikupita. Lilikalia tumbo katikati ya tope. Vijana walimtoa bibi akiwa juu ya kiti cha jikoni, wakambeba mpaka ng'ambo, naye akilia kwa maumivu.

"Hakunitukana," anasema Auleria. "Ila Marambo nzima waliacha kunipigia simu. Wajawazito wakawa wanaletwa kwa pikipiki, kwenye njia hiyo hiyo. Hilo ndilo linaniuma."

Safari hii alizuia hela ya korosho tangu Novemba. Ndugu walimwona mchoyo, wenzake kijiweni wakasema anatafuta gari la kuolewa nalo. Alisubiri tope. Kisha akaenda Marambo kumwomba Bibi Brigita akae kiti cha nyuma, katika kila gari, aseme anachokisikia. Bibi alifikiri siku kadhaa kabla ya kukubali.

Kwa hiyo leo kigari chekundu, alichokifikisha kwa bibi jana kabla ya mvua, kinashuka bondeni polepole. Uvungu unakwaruza. Bibi anashika mlango. Kwenye jiwe la pili mgongo wake unaruka na kurudi kitini.

"Shokapu zake ngumu, bibi. Ndiyo maana linashika kona."

"Kona iko wapi hapa?"

Mbele kuna maji yaleyale, bondeni palepale. Anasimamisha gari, anazima injini.

"Umesimama," anasema bibi.

"Nimesimama. Likiingia hapa halitoki."

"Mwaka ule ulisema litatoka."

"Nilisema hivyo."

Auleria anawasha injini tena. Kisha anarudi kinyumenyume, taratibu, kichwa nje ya dirisha, mpaka uwanjani kwa bibi. Anamshusha mlangoni pake. Bibi hajatembea hata kidogo kwenye tope.

Nyekundu ni gari zuri. Kwa Marambo halifai kitu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mvua nyingine, alikwenda na nyeupe. Ilipita bondeni, maji yakigonga chini ya milango, ikapanda upande wa pili bila kelele nyingi. Kwenye geti la hospitali Bibi Brigita alishuka mwenyewe, akisaidiwa na fimbo tu. Auleria alisubiri kauli yake kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Linatikisa," alisema bibi. "Lakini limefika."

Akatoa nauli. Auleria alitaka kuikataa.

"Chukua. Nimepanda gari, sikubebwa."

Alimlipa mwalimu Nicholaus milioni tisa, siku ileile. Kabla wiki haijaisha simu ya kwanza ilitoka Marambo, kwa mwanamke aitwaye Mwanaima, mimba ya miezi tisa. Sasa hata watu wa kijiji cha Kiegei wanapiga.

Lakini nyekundu hajaisahau. Amekwishamwambia Fidel kwamba siku lami itakapofika Marambo, atairudia.

"Lami ya Marambo?" Fidel alicheka. "Nitakuuzia mjukuu wake."

"Basi mtunze mjukuu."

Jioni, akishamshusha abiria wa mwisho Ruangwa, Auleria huanza kurudi Nachingwea peke yake. Kuna kipande cha lami kilichonyooka. Anapofika hapo anavua kandambili, anashusha gia moja na kukanyaga, na gari jeupe la mwalimu linalia kwa sauti ambayo Marambo hawajawahi kuisikia.

"Hapo sina mgonjwa," anasema. "Hapo niko na gari langu."