Luteni wa Kunywa Mwisho

Siku niliporipoti kambini Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, meja mkuu wa kambi hakuniuliza habari za safari. Alinionyesha matangi ya maji nje ya ofisi yake. "Sajini, huku maji unagawa wewe. Yakiisha, nitakuuliza wewe, si dereva." Nyinyi vijana mnadhani kazi ya sajini ni kupiga kelele gwarideni. Wakati wetu sajini wa platuni, yaani kundi la askari lililo chini ya luteni mmoja, alikuwa kama mama wa nyumba: chakula, maji, viatu, na nani ameugua.

Nilipelekwa kwanza Rhamu, ambako mto Daua ulinirahisishia kazi. Kisha nikahamishiwa Diff, mpakani kabisa, chini ya luteni kijana aliyetoka chuoni na riwaya moja ya vita ndani ya begi. Jioni alitusomea, akitafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Ilimhusu kapteni aliyekula mwisho, akalala mwisho, akanywa mwisho. Kulikuwa pia na askari mmoja aliyewahi chupa ya maji kabla ya wenzake. Huyo alipotajwa, vijana wangu walizomea "Fisi!" utadhani ameketi pale pale.

Luteni alimwiga kapteni yule kwa kila kitu. Desturi yetu ilikuwa mkubwa kutangulia. Yeye alisimama nyuma ya foleni ya ugali na kuambulia makoko. Vijana walimpenda sana, nami nilimpenda. Sijaona platuni nyingine ikiamka upesi vile.

Siku moja tulikwenda doria, lori likavunjika ekseli mbali na kisima chochote. Kwenye redio tukaambiwa tusubiri hadi kesho. Nilibaki na jerikeni moja ya maji, na jua lilikuwa kali kweli.

"Wanywe vijana kwanza," luteni akasema.

Nikajaza kikombe, nikampa koplo. Akampitishia mwenzake. "Mimi baadaye." Huyo naye akampa mwingine. Hata Barasa, kijana aliyelala kivulini chini ya lori akitapika, alikisukuma. "Wape wengine, sajini." Kikombe kilizunguka platuni nzima kikanirudia kimejaa. Ndipo nikaelewa balaa iliyotupata: kila mmoja alitaka kuwa kapteni, na hakuna aliyekubali kuwa yule wa kuzomewa.

Mzee Abdi, mwenyeji aliyetuongoza njia, akamgusa Barasa shingoni. "Sajini, mbe huyu maji. Wallahi jasho yake imekauka. Huyu anakufa."

Nikamwinamia luteni. "Afande, ukitangulia watakufuata."

"Siwezi, sajini. Wataniona vipi?"

Nilikasirika, tena sana. Nikasimama mahali ambapo wote wangeniona, nikanywa kikombe kile taratibu, nikajifuta mdomo. Kisha mtu akasema "Fisi!" na wengine wakadakia.

Nikajaza tena. "Haya, fisi ameshakunywa. Nani anaogopa kuwa wa pili?"

Koplo akapokea. Barasa tulimnywesha kidogo kidogo hadi akaanza kutukana, tukajua amerudi. Luteni alikunywa mwisho, kama alivyotaka.

Luteni yule alipanda vyeo akawa mkubwa jeshini. Jambo lile hakuwahi kulizungumza nami, ila watu husimulia hadi leo jinsi alivyokunywa mwisho kule Diff, na si uongo. Mimi jina la Fisi lilinifuata Garissa, likanisindikiza hadi siku ya kustaafu. Liliniuma, hasa mke wangu alipoulizwa sokoni maana yake.

Baada ya kustaafu nilikipata kitabu chenyewe, nikakisoma polepole. Ni kizuri, nililia kapteni alipokufa. Kisha nikarudi nyuma kumtafuta yule askari aliyewahi chupa. Ana mistari miwili tu, hana jina, na mwandishi hakujali kutuambia kama wa pili wake alipata kunywa.