Nimefunga Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa karai la mafuta taa, brashi, na rundo la nati na bolti zilizojaa grisi. Aliyenipa alikuwa fundi wa gereji, Kalasinga mrefu aliyeitwa Kartar, ambaye alinyoosha kidole kuelekea karai akasema, "Osha. Kama iko safi, leta. Kama iko chafu, rudi Maragoli."

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, na Eldoret, ambayo watu wetu waliita Sisibo, ilikuwa mikononi mwa walowezi. Mbele ya gereji yetu zilipita lori za ngano na magari ya Makaburu yenye matope hadi madirishani. Sisi Waafrika tulikuwa na vyeo viwili tu, boi wa kuosha na boi wa spana. Juu yetu alikuwa Kartar. Juu ya Kartar alikuwa fundi Mzungu mwenye ovaroli nyeupe, na juu ya wote alikaa Bwana Meneja, ofisini, nyuma ya kioo.

Kartar alinifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kusaga vali, na jinsi ya kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Miaka ilipita hivyo. Siku moja nilipomaliza kufunga giaboksi bila kumwita, aliizunguka akaikagua, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa mimi ni fundi, lakini neno hilo niliseme nyumbani kwangu, pale kazini hapana.

Ndipo likaja gari la Piet. Huyu alikuwa kijana wa Kikaburu, mkulima wa ngano, na alipenda mashindano ya magari kuliko ngano yenyewe. Gari lake alikuwa amelitoa viti vya nyuma ili liwe jepesi, akaliongezea kabureta ya pili ili linywe petroli zaidi na kukimbia zaidi. Shida yake ilikuwa mlima wa kwenda Timboroa. Kila alipoupanda kwa kasi, oili ilichemka. Nyinyi vijana mnajua kwamba oili ikipata joto jingi huwa nyepesi kama maji, presha inashuka, na beringi zinaanza kula chuma. Piet alikuwa ameshaua injini moja namna hiyo.

Alituletea kipoza oili kilichotolewa kwenye ndege ya vita iliyouzwa kama chuma chakavu. Kipoza oili ni kama rejeta ndogo, ila ndani yake hupita oili badala ya maji. Alileta pia geji mbili, moja ya presha ya oili na nyingine ya joto lake. Meneja alimkabidhi kazi hiyo fundi Mzungu. Fundi Mzungu akampa Kartar, na Kartar akanipa mimi.

Kazi ile niliifanya kwa raha ambayo hadi leo naikumbuka mikononi. Kipoza nilikiweka mbele ya rejeta, mahali kinapopigwa na upepo, juu ya vipande vya mpira ili mtikisiko wa barabara usikipasue. Mabomba niliyapitisha mbali na egzosi, kwa sababu hakuna maana ya kupoza oili huku ukiipikia pembeni. Geji ya joto ndiyo iliyonitoa jasho. Huwa na bomba la shaba jembamba kama uzi, lenye kitu ndani kinachopanuka kikipata moto. Ukilikunja vibaya, geji imekufa na haifufuki. Nililiviringisha polepole kwenye chupa ya soda ili lipate mviringo mzuri, kisha nikalipitisha kwenye ukuta unaotenga injini na viti, hadi kwenye dashibodi. Mwisho nikatoa plagi na kuizungusha injini bila kuiwasha, mpaka mshale wa presha ukainuka. Oili ilikuwa imefika kila mahali.

Piet alipokuja kulichukua gari lake, alifungua boneti akapitisha kidole juu ya mabomba, tangu kwenye injini hadi kwenye kipoza. Akauliza nani amefunga. Pale kwetu ilikuwa desturi kwamba mteja Mzungu aambiwe gari lake limeshikwa na Mzungu mwenzake. Meneja akamwonyesha fundi wa ovaroli nyeupe. Fundi yule akatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu, kitambaa mkononi. Nilikuwa nimeshuhudia desturi ile mara nyingi na kunyamaza. Siku hiyo mdomo ulikataa.

"Nimefunga mimi," nikasema.

Meneja aligeuka. "Wewe nasema nini?"

"Nasema gari hili nimefunga mimi, Bwana. Kartar alinionyesha, nami nikafunga."

Piet alifunga boneti. Aliingia garini akaenda zake. Meneja akaniita ofisini na kunipa njia mbili: niende shambani kwa Piet nikamwambie kwamba nilidanganya, kazi yangu ilikuwa kushika spana tu, au niondoke. Akanipa hadi asubuhi.

Kartar alinivuta nyuma ya stoo. Sijawahi kumwona mtu mkubwa namna ile akimbembeleza mtu mdogo. "Mimi iko meza mingi sana hapa, Zakayo," aliniambia. "Meza hii moja tu." Nilimjibu kwamba nimejaribu kuimeza na haishuki kooni.

Asubuhi nilimwambia Meneja siendi. Aliapa kwamba hakuna gereji ya mji ule itakayonichukua, na alitimiza kiapo chake. Nilizunguka mitaa yote, nikafukuzwa hata na watu waliokuwa wakinisalimia. Nyumbani mke wangu, Rebeka, hakuniuliza kwa nini nimesema. Aliuliza tunahama lini.

Tulihamia Kaptagat, kwenye kiwanda cha mbao, nikawa natengeneza lori na trekta za kuvuta magogo. Kulikuwa na baridi, moshi na matope. Tulilala kwenye kibanda cha mabanzi, na sikujuta. Nawaambia hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mkaidi alijuta.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Piet akaja kiwandani na gari lile. Alikuwa amegonga kisiki shambani, kipoza kikapasuka na bomba jembamba la geji likakatika. Alikuwa na vipya kwenye boksi. Nilimuuliza kwa nini asiende mjini.

"Kwa sababu wewe nasema wewe nafunga," alinijibu.

Nikamwambia nitafunga, kwa sharti moja. Kulijaribu gari nitalijaribu mimi, kwenye usukani, hadi Timboroa, na yeye akae pembeni anisomee geji. Akawa mwekundu masikioni. Waliokuwa wakipanga mbao waliacha kupanga. Aliniambia mtu mweusi hajawahi kuendesha gari lake. Nilimwambia basi achukue boksi lake.

Aliweka mkono juu ya boneti. Kisha akasema sawa.

Jumamosi hiyo, kazi ilipokwisha, nililiendesha gari la Piet. Tulipita Ainabkoi, vumbi likituandama, na mlima ulipoanza nilikanyaga mafuta hadi chini. Piet alikuwa ameinamia dashibodi na kunisomea kwa sauti, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, "Presha hamsini. Joto napanda. Presha hamsini bado. Joto nasimama." Watu kando ya barabara walituona, Mwafrika kwenye usukani na Kaburu akimsomea, wengine wakaweka mizigo chini ili watazame vizuri. Timboroa kulikuwa na ukungu. Nilizima injini, nikafungua boneti. Hakuna tone lililokuwa limevuja.

Piet alinipa mkono. "Asante, Zakayo," akasema. Hadi hapo alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Baadaye, walowezi walipoanza kuuza mashamba, nilirudi Eldoret nikafungua gereji yangu mwenyewe, na Kartar, mzee sasa, alikuwa akija kunywa chai na kukosoa kazi yangu. Nilistaafu macho yalipoanza kukataa nambari ndogo. Siku ya kuniaga, mchungaji wetu alinishauri niwashukuru wote walioniajiri, nisiende uzeeni na kinyongo. Nilimshukuru Kartar. Nilimshukuru Rebeka. Hata Piet nilimtaja. Kisha nikakaa.

Mchungaji aliniuliza baadaye kama nimemsahau Meneja. Sijamsahau. Jina lake lote nalijua, na la baba yake. Yeye alitaka kazi yangu isijulikane kwa jina langu, na mimi nimewasimulia haya yote bila kulitaja lake.