Mpiganaji Aliyepanda Peke Yake

Vijiti viwili vya mbao vikigongana, ka! ka!, mwili hunisisimka hadi leo. Mlio huo hutoka kwenye simu yangu mwenyewe, kwa kuwa nina programu ya kufuatilia sumo, ile mieleka ya Wajapani wanene, na mashindano yakianza huniita hivyo. Jioni nikitoka kazini, hapa Shinyanga mjini, naweka bando, natazama mapambano ya siku, nasoma maelezo ya mbinu, najua nani kapanda daraja na nani kaumia. Wenzangu ofisini hunicheka. Waacheni wacheke, hawajui nilianzia wapi.

Nilianzia Mwakitolyo, sebuleni kwa Mzee Shija, mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na dishi kubwa kuliko choo chake. Alikuwa akitafuta mpira, dishi likanasa stesheni ya Kijapani inayotangaza kwa Kiingereza, na sisi majirani tukahamia kwake. Sebule ilinuka dizeli ya jenereta na karanga za kukaanga. Jioni ya Wajapani kwetu ni kabla ya adhuhuri, kwa hiyo tulitazama huku makarasha ya kusagia mawe yakinguruma nje.

Nilikuwa darasa la tano, na kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikafanywa mkalimani. Nilichoelewa nilisema, nisichoelewa nilitunga. Babu yangu, mzaa baba, hakunihitaji. Ujanani aliongoza ngoma, na alipoona wapiganaji wanatoka upande wa mashariki na wa magharibi, alitamka kwamba hawa ni Bagika na wale ni Bagalu, kama vyama vyetu vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana kwa dawa. Chumvi waliyoirusha akaiita dawa. Walipopiga miguu chini, akasema, "Wanawafukuza walio chini."

Hakuna aliyembishia. Mahali ambapo wanaume hushinda chini ya ardhi, habari za walio chini hazifanyiwi mzaha. Haukupita muda, wachimbaji wakawa wanarusha chumvi mdomoni mwa shimo kabla ya kushuka. Mboga za Mwakitolyo zikapooza, mashimo yakakolea.

Baba alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Alimpenda mpiganaji mmoja tuliyemwita Kijani, kwa sababu ya mkanda wake, na Kijani akishinda, siku hiyo baba alitupa hata pesa ya maandazi.

Ikaja asubuhi moja ya likizo. Jana yake mimi na babu hatukutazama, tulikuwa mnadani Solwa kuuza mbuzi. Sasa tulikuwa tumekaa mkekani kwa Mzee Shija, wawili tu, tukimngoja Kijani, na baba alikuwa machimboni akijiandaa kwa zamu ya mchana. Mwitaji akaimba jina kwa ile sauti yake ya kuvuta. Akapanda ulingoni mtu mmoja tu, mpinzani wa Kijani. Upande wa Kijani palikuwa patupu. Mzee mmoja akapita na kitambaa chenye maandishi, watazamaji wakanyamaza, na yule mtu akachuchumaa akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mwamuzi akamnyooshea upepeo wake: ameshinda. Akainuka, akashuka, wala hakutabasamu.

Nilisikia baridi shingoni. Nikamgeukia babu nikitaka anicheke. Hakunicheka.

"Mwenzake alikuja," alisema polepole. "Sisi ndio hatukumwona. Kabula, kimbia. Mwambie baba yako asishuke leo, wala mtu yeyote asishuke."

Nilikimbia. Niliwakuta wanne mdomoni mwa shimo, watatu wakiwa na chumvi tayari mikononi. Nilipowaeleza, baba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatupa kamba chini. "Mzee wangu amekataa," akawaambia. Wawili wakakaa palepale. Wa nne alikuwa Yohana, rafiki yake baba, mlokole, ambaye hata ile chumvi hakuwahi kuirusha. Akacheka.

"Ndugu yangu, mimi ninaye Yesu. Televisheni ya Mzee Shija haiwezi kunizuia kulisha watoto."

Akashuka akiimba pambio. Sauti yake ilikuja juu ikipungua, tukaendelea kuisikia kwa mbali kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Kisha ikakatika katikati ya neno. Hatukusikia kishindo. Shimo lilitoa pumzi tu, vumbi la moto likatupiga usoni, na mmoja wa wale wawili akaanza kulia kabla hatujajua kwa nini.

Tangu siku hiyo babu akawa mtu mkubwa. Watu walitoka mbali, hata Nyarugusu, kumletea kuku, awatazamie wanene wanasemaje. Baba hakukanyaga tena sebule ile. Mimi nililala nikijifunika gubigubi, nikimwona yule asiyeonekana akichuchumaa miguuni pangu. Nadhani ndiyo maana nilipopata simu nilianza kusoma kila kitu kuhusu sumo. Nilitaka kujua alikuwa nani.

Hakuwepo mtu. Juzi nilipokwenda nyumbani nilimwonyesha baba kwenye simu, tukiwa tumekaa na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga katikati yetu.

"Baba, Kijani aliumia goti tu. Mpinzani asipofika, aliyekuja anapewa ushindi. Ndiyo sheria yao."

"Najua," alisema. "Jana yake nilimwona akitolewa kwa kiti cha magurudumu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakushuka.

"Magogo yanayoshikilia kuta za shimo yalikuwa yamelia kule chini, ng'wanawane, na si kilio cha kila siku. Lakini nani huacha kazi kwa sababu ya magogo? Wangeniita mwoga. Ulipokuja na maneno ya babu yako, nikasema haya watayaogopa. Wakayaogopa."

"Na Yohana?"

Akamenya karanga, akaiweka chini bila kuila. "Yohana hakuogopa mambo ya babu yako. Ningemwambia magogo, angekaa. Katika wote, yeye ndiye angekaa."

Utotoni niliamini kwamba cha kutisha siku ile kilikuwa kule ulingoni, upande mtupu. Kumbe kilikuwa kimesimama karibu yangu, kimeshika kamba, na mimi nilikiita baba. Nilimuuliza kama mjane wa Yohana anajua.

"Kila mavuno huniletea michembe," alisema, akilisogeza bakuli kwangu. "Hunishukuru. Husema, 'Shemeji, wewe ulimkataza, mwenyewe hakusikia.'"