Mtu wa Nane

Dalmas alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha Thika, mwaka wa 1957. Mlangoni pa chumba cha mvuke palikuwa na mtambo wa swichi uliohesabu walioingia na waliotoka. Hesabu mbili zikilingana, yaani ndani hamna mtu, taa ya kijani iliwaka, na mvuke ukafunguliwa.

Kila hesabu ilikuwa na swichi nne. Dalmas, ambaye hakuvumilia kitu cha ziada, aliona wafagiaji wa chumba hicho hawazidi saba, na swichi tatu, ya kwanza ikisimamia moja, ya pili mbili, ya tatu nne, zinatosha kuhesabu saba. Aling'oa ya nne katika kila hesabu, akaenda nazo Makongeni kumwonyesha mkewe, Benta.

Siku moja Idah, msichana wa Ruiru, aliwafuata wafagiaji saba ndani na birika la uji. Alikuwa wa nane. Swichi tatu zikipita saba hurudi sifuri, na aliyetoka hakuwapo hata mmoja. Sifuri kwa sifuri. Taa ikawaka, mvuke ukafunguliwa wote wanane wakiwa ndani.

Hakuna aliyemnyooshea Dalmas kidole. Lakini mpaka uzeeni, kwenye ibada za nyumbani, aliketi karibu na mlango akihesabu waliomo, kuanzia kwake mwenyewe. Wa nane alipokanyaga kizingiti, Dalmas aliinuka akatoka nje, ili ndani wabaki saba.