Nilimwigiza Bi Riziki, Mtaa Ukamwita Mchawi

Kosa ni langu, na ninalisema mwanzo kabla sijaanza kulipamba. Jina langu siandiki, kwa sababu mama yangu bado anaishi mtaa ule ule hapa Msambweni. Ya wengine pia nimeyabadilisha. Yaliyobaki yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili. Shule niliishia kidato cha pili, na sasa nashona kwa fundi mmoja wa nguo za harusi. Tangu utotoni ni mtu wa ndoto. Nikishona gauni, kichwani mwangu namvalisha binti mfalme. Mvuke wa pasi ukipanda, naona joka limeamka. Watu hunicheka, nami hucheka pamoja nao, sina neno.

Binamu yangu Bakari anafanya kazi hotelini Diani. Mgeni mmoja alipokuwa akiondoka alimwachia kifuko cha dadu zenye nyuso nyingi, nzuri kama vito vya pete, na kumfundisha mchezo wake. Si kamari, jamani! Mnakaa chini, mmoja anasimulia habari za nchi isiyokuwepo, na wenzake kila mmoja anakuwa mtu wa nchi hiyo. Ukitaka kuruka ukuta au kumdanganya askari, unarusha dadu, nayo inaamua kama umeweza.

Tulikuwa watatu: mimi, Bakari, na shoga yangu Mwanahamisi wa saluni ya jirani. Kila Ijumaa baada ya alasiri fundi alikuwa akituachia duka, tunakaa kwenye vipande vya vitambaa na kucheza mpaka magharibi. Msimulizi nilikuwa mimi.

Nikaitunga Nyumba ya Zuhali. Ee, niliipenda nyumba ile! Mabwana wakubwa, wachawi wa nasaba, kasri lao lina milango arobaini na kila mlango una jina la mtu waliyemwangusha. Vita hawapigani. Wanawaoza mabinti zao kwa maadui, kisha binti anarudi kwao na kivuli cha mumewe amekikunja ndani ya leso. Bakari alikuwa jasusi wao aliyetubu. Mwanahamisi alikuwa mwana wa mfalme waliyemnyang'anya kiti.

Na walikuwa na sheria moja, niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari langu: Nyumba ya Zuhali haiui mtu. Inaachia neno, majirani wanamaliza kazi.

Nilijivunia sheria ile. Ningejua!

Sasa, mkuu wa nyumba alikuwa bibi kizee, Bibi Zuhali, naye alihitaji sauti. Sikwenda mbali. Nikachukua ya Bi Riziki.

Bi Riziki alikuwa jirani yetu, mjane, muuza mahamri na mbaazi. Sauti yake nzito, inakwaruza kidogo, na kila jambo hulianza kwa "Enhe, mwaona." Kila asubuhi alipita na sinia kichwani akinadi, na sisi watoto wa mtaa ule hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Nilipokuwa shuleni alinishikisha mahamri yaliyopasuka, bure, ananiambia yamenuna hayo, kayachekeshe.

Kuiga sauti za watu ndicho kipaji changu. Siku ya kwanza nilipomtoa Bibi Zuhali kwa sauti ile, Mwanahamisi alilala chini kwa kucheka.

Ijumaa moja Bakari alikuwa na zamu, hakuweza kuja. Ili asipitwe, nikarekodi ungamo la Bibi Zuhali kwenye simu nikamtumia. Nilisema hivi, kwa sauti ya Bi Riziki, na kikohozi chake nikakiweka:

"Enhe, mwaona. Kile kisima nilikikausha mie. Yule mtoto, ulimi wake niliufunga mie, na ufunguo ninao. Na bado wawili."

Kisima kilikuwa cha kasri. Mtoto alikuwa mdogo wake yule mwana wa mfalme. Lakini mtaani kwetu Mama Tima ana mtoto wa miaka minne ambaye hajatamka neno hata moja. Wallahi sikumfikiria. Au nilimfikiria bila mwenyewe kujua, na hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Bakari alinijibu kwamba nywele zimemsimama. Sifa zikanilevya. Nilikuwa ndani ya kikundi cha simu cha sare, kina mama na wasichana wa mtaa mzima wakipanga leso za harusi iliyokuwa inakuja. Nikairusha sauti ile humo. Sikuandika hata neno moja chini yake. Nilitaka waulize ni nani huyu anayemwigiza Bi Riziki vizuri hivi, halafu nijitokeze kama bibi harusi.

Hakuna aliyeuliza hivyo. Mmoja aliuliza nimeitoa wapi. Nikaona wengine wameanza kuandika "Astaghfirullah", Mama Tima akiwa wa kwanza. Nikajibu: "Nimetumiwa tu."

Maneno mawili. Nikaifuta ile sauti kikundini, lakini ilikwisha kuingia vikundi vingine.

Kesho yake Bi Riziki alirudi na sinia lake limejaa kama alivyotoka nalo. Siku ya pili, milango ilifungwa aliponadi. Siku ya tatu Mama Tima alikwenda uani kwake akamwambia mbele ya watu amrudishie mwanawe ulimi. Nasikia Bi Riziki alidhani ni mzaha, akamwambia mtoto ataongea mpaka mtamchoka. Mama Tima akasema hiyo ndiyo dalili, anajua lini atafungua.

Mwanahamisi alinishika mkono akanitaka niseme. Bakari akapiga simu, naye anajua kuchoma.

"Sema wewe, ndiye uliyeituma," alisema. "Ukinyamaza, basi Nyumba ya Zuhali ni wewe."

Nilimwambia nitasema kesho. Nilikuwa naogopa fundi, naogopa wale wanawake, naogopa hata kuchekwa. Nilijipa moyo kwamba mambo ya simu hupoa yenyewe.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa cherehani, Bi Riziki akaingia. Sinia hakuwa nalo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mwanangu," akasema, "wewe wazijua hizi simu. Watu wasema kuna sauti. Mie sijaisikia bado. Nisikilizishe."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu! Nilichukua simu, nikambonyezea.

Alisikiliza kichwa amekiinamisha. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akawa anaukunja na kuukunjua ukingo wa leso yake.

"Sauti ni yangu," akasema. "Lakini nimesema lini, mwanangu? Au ni uzee? Huenda nasema nikilala nisijue."

Nikanyamaza.

"Na huyo mtoto, mie nampenda. Mbona niseme vile?"

Nikanyamaza. Akanishukuru, akaniombea dua ya mume mwema, akatoka. Ndugu yangu unayesoma, kurusha ile sauti kulikuwa utoto. Lakini kunyamaza mbele ya yule mama, anayeanza kujishuku mwenyewe kwa ajili ya uongo wangu, sijui kunaitwaje.

Jumapili wazee wa mtaa waliitisha kikao baada ya alasiri. Wengine walitaka aapishwe, wengine ahame. Walimpa nafasi ajitetee. Aliposimama na kusema "Enhe, mwaona," wanawake waliwavuta watoto wao kifuani. Yale maneno niliyoyapenda maisha yangu yote!

Akasema hakumbuki kusema lolote, lakini ameisikia sauti, na sauti ni yake. Kama ameyasema, Mungu amsamehe.

Walichukulia kuwa ndilo ungamo lenyewe. Kelele zikapanda. Jiwe likatoka nyuma likampata begani, naye hakulia, aligeuka tu kutazama limetoka wapi, kama mtu aliyeitwa.

Ndipo nikasimama. Msiniite shujaa, ni lile jiwe lililoninyanyua. Nilitaka kueleza habari ya mchezo, dadu, kasri, ulimi ukanishinda. Basi nikafumba macho nikayasema yale maneno kama nilivyoyarekodi, kwa sauti yake, mpaka kikohozi.

Nilipofumbua macho, aliyekuwa akinitazama ni Bi Riziki peke yake. Wengine walikuwa wanatazama chini.

Mzee mmoja aliuliza, taratibu, kwa nini sikusema mapema. Wazee wakawatawanya watu na kutangaza kwamba mama hana kosa. Lakini bwana mmoja alisema nimekwisha kulishwa kitu na huyo bibi, sasa namtetea. Na wapo waliomwamini yeye kuliko mimi. Jioni hiyo, wazee walipokwenda kumsindikiza Bi Riziki nyumbani, walikuta meko yake ya mahamri yamebomolewa.

Bintiye alikuja kutoka Kikoneni akamchukua na vyombo vyake. Mama Tima alitoka kuwaaga, akashindwa kuvuka barabara.

Mimi je? Wateja walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine, na fundi akaniambia nipumzike kidogo. Bado napumzika. Mwanahamisi ananisalimia, lakini hakai. Dadu nilimrudishia Bakari, hakuuliza. Daftari la Nyumba ya Zuhali ninalo, na ule ukurasa wa kalamu nyekundu nausoma mara kwa mara, kwa sababu mchezo tuliucheza kwa miezi na mimi ndiye ambaye sikuielewa sheria yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Kikoneni. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Bi Riziki alinipa maji, akanipa chai, akaniuliza habari za mama. Nilipopiga magoti kuomba radhi, aliniambia niinuke, nitachafua gauni, radhi alinipa siku ile ile. Nikalia kama mtoto. Nilidhani yamekwisha.

Asubuhi nilimsaidia kukaanga. Mahamri yakaumuka vizuri, akalipanga sinia, akajitwika, tukatoka. Nikawa nasubiri anadi. Tukapita nyumba ya kwanza, akabisha hodi kwa kidole, polepole, akangoja. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Nikamuuliza, nyanya, mbona hunadi?

"Huku bado hawajanizoea," alisema. "Sauti hii naihifadhi. Isije ikawaudhi watu."

Nikamwambia basi ninadi mimi. Nikafungua kinywa. Mimi ninayeiga kila mtu, hata muadhini, hata jenereta la kinu cha kusagia unga, sikutoa kitu. Tukaenda mlango kwa mlango, kimya, tunabisha.

Nyinyi mnaopenda kuchekesha watu kwa sauti za wengine, na nyinyi mnaopokea kitu kwenye simu na kidole kinawasha kukipeleka mbele, nawaomba. Muulize mwenye sauti kwanza, hasa akiwa mzee, maana mzee haoni mlichopeleka, yeye anaona milango inafungwa tu. Na ukiwa umekosea kama mimi, usingoje jiwe likunyanyue. Sema siku hiyo hiyo, hata kama utachekwa. Kuchekwa kunapita.

Nilikuwa na siku nzima nzima za kusema maneno matatu tu: sauti ni yangu. Sikuyasema. Aliyasema yeye.