Shahidi wa Mlowezi

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Toongabbie, huku Australia, alikuwa Mmarekani, na maradhi yake makubwa hayakuwa sukari wala goti. Yalikuwa baba wa babu yake. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nilipanda treni kutoka Blacktown, nikimkuta ameshanyoa ndevu na kukaa kwenye kiti chake, anangoja nivue viatu ili aanze. Kampuni ilinilipa nimsaidie kuoga, nimpangie dawa na nimpikie chakula cha mchana. Habari za baba wa babu yake nilizisikiliza bure.

Huyo baba wa babu alikuwa mlowezi. Alihamia Magharibi ya Marekani na mke, jembe na ng'ombe wawili, serikali ikamkatia shamba la bure kwenye mbuga isiyo na mti hata mmoja. Kwa kuwa hapakuwa na miti walikata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, wakayapanga kama matofali, wakaingia ndani. Mvua ikinyesha siku moja, paa lilidondosha tope siku tatu, na mke akipika huku ameshika mwavuli. Kuni zao zilikuwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Nyoka waliwaangukia kitandani, na bunduki ilikaa mlangoni usiku na mchana. Mwaka wa pili nyumba ilibomoka, na nzige wakala shamba lote, wakamalizia na mpini wa jembe. Hapo Mzee alikuwa akinyamaza na kunitazama, akingoja nishike mdomo kwa mshangao.

"Halafu?" nilimwuliza.

Nisingeweza kujitia kushangaa. Bibi yangu mzaa mama, huko mashamba ya Tanga, alikandika nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Nyoka alimwangukia kutoka makutini akiwa anamnyonyesha mama yangu, naye bibi akamuua kwa mwiko, akaendelea kunyonyesha. Hakuna aliyempiga picha. Ndugu zake wa mjini walimwita mtu wa shamba, na wakienda kumtembelea walibeba vikombe vyao. Nilipomsimulia Mzee, alisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema bibi yangu alikuwa na roho ya kilowezi. Bibi aliyezaliwa palepale, na mama yake palepale. Nilimshukuru kwa niaba ya marehemu.

"Ilikuwa nchi tupu," alipenda kusema.

"Kama ilikuwa tupu, ile bunduki mlangoni walikuwa wakimwogopa nani?"

Siku hiyo alikohoa mpaka nikampa maji. Sikumwandama sana, maana hata sisi huku hatujambo. Kila mkutano shuleni kwa binti yangu huanza kwa kuwataja wenyeji wa asili wa ardhi ile na kuwapa heshima zao, kisha wote tunajikalia vizuri zaidi kwenye viti. Nami najikalia.

Ukutani, juu ya televisheni, alikuwa ametundika hati ya lile shamba ndani ya fremu. Nilikuwa naipangusa vumbi kila Ijumaa kwa amri yake. Alinieleza kwamba haikupatikana kirahisi. Mlowezi alitakiwa kuishi pale miaka mitano, alime, ajenge nyumba, kisha majirani wawili waape mbele ya karani kwamba wameyaona hayo kwa macho yao. Hilo la mashahidi ndilo la kwanza katika hadithi zake lililonifanya nimheshimu yule baba wa babu. Kwetu shahidi si mtu wa kuokota njiani, na mimi nimelelewa na baba ambaye neno yamini likitajwa alikuwa anashusha sauti.

Majira ya baridi Mzee alianguka bafuni. Hakuvunjika kitu, lakini binti yake, anayeishi Perth na kumpigia simu kila Jumapili, alivunjika moyo. Alitaka baba yake ahamie nyumba ya wazee. Mzee akasema atatoka pale akiwa amelala ndani ya jeneza. Wakabishana mwezi mzima, wakafikia kwamba aje mkaguzi aamue. Mkaguzi angemtazama akitembea, akitaja dawa zake, akiandaa chai na kuileta mezani. Kisha angemwuliza mhudumu. Mhudumu ni mimi.

"Kwa hiyo wewe ndiye jirani yangu mbele ya karani," Mzee aliniambia.

"Mimi siongopi, Mzee. Nikiapa nimeapa."

Aliitazama ile hati ukutani. Nadhani ndipo alipoamua kunipa siri ya ukoo. Nilikuwa nimewahi kumwuliza nyumba iliyobomoka mwaka wa pili iliwezaje kushuhudiwa mwaka wa tano, naye akageuza maneno. Sasa akanijibu. Baada ya wale nzige, shujaa wetu alikwenda mjini kufanya kazi katika duka la watu, akawa anafika shambani mara moja moja kuangalia kama bado lipo. Watu wa huko walikuwa wakisema sheria inataka nyumba ya kumi na mbili kwa kumi na nne, nayo sheria ilisahau kutaja futi. Basi akachonga kijumba cha mbao cha inchi kumi na mbili kwa inchi kumi na nne, akakitia dirisha, akakiweka katikati ya shamba. Majirani wawili wakaenda wakakiona. Wakaapa kwamba wameona kwa macho yao nyumba ya kumi na mbili kwa kumi na nne, yenye dirisha la kioo.

"Hakuna aliyesema uongo," Mzee akasema.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mwaka mzima nilikuwa nikipangusa vumbi la kibanda cha kuku. Tangu siku hiyo nilimpenda Mzee, nasema wazi, na nikataka abaki nyumbani kwake kama vile nyumba ni yangu.

Tukaanza mazoezi. Chai aliweza. Alitumia muda wa mtu kuswali rakaa nne, lakini aliweza: anajaza birika la umeme nusu, anaweka vikombe kwenye trei ya kigari chake cha kutembelea, anamimina kwa mikono miwili. Tatizo lilikuwa mimi. Mzee wa rika la baba yangu anakuja na kikombe cha moto kinachotikisika, nami nimekaa kitako namtazama? Kila mara alipotoka mlangoni mwa jikoni nilijikuta nimeshasimama na kikombe kiko mkononi mwangu. Alianza kukasirika. Akaniuliza kwetu wanasemaje *sit*, nikamfundisha, akawa ananiamrisha kwa Kiswahili kutoka jikoni: "Keti." Nilikuwa naketi, kisha kigari kikilia tu mlangoni, miguu inasimama.

Nyumbani nilimweleza binti yangu wa miaka kumi na saba. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba siku hiyo kazi yangu ni kukaa tu, na kwamba nitakuwa mtu wa kwanza Australia kushindwa kazi ya kukaa.

"Mgeni hatafika nyumba kavu," nilimwambia, na nikaloweka mchele wa vitumbua.

Mkaguzi alikuwa binti mpole mwenye tableti. Mzee alitembea, akataja dawa zake zote, hata zile zilizosimamishwa. Kisha akaingia jikoni. Mimi nikakaa kwenye sofa na mikono nimeikalia. Birika lilichemka, likajizima. Mkaguzi akatazama picha ukutani, akatazama nje, akasema leo joto, akakohoa kidogo. Mgeni amekohoa. Vitumbua viko mezani na hana cha kushushia. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni taratibu, nikasikia kigari kikianza kuja, na kwa haki ya Mungu sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikiwa mlangoni mwa jikoni na vikombe vyote vitatu mikononi mwangu, na Mzee ananitazama. Hakusema keti.

Niliandaa meza vizuri sana. Mkaguzi alikula vitumbua vitatu na kusifu iliki. Kisha akafuta vidole na kuniuliza kama kwa kawaida ni mimi ninayeleta chai.

"Ndiyo," nikasema, maana kwa kawaida ni mimi.

Akauliza kama nimewahi kumwona Mzee akiandaa chai na kuifikisha mezani mwenyewe.

Nilifikiria mazoezi yote ya wiki tatu. Kuiandaa, ndiyo. Kuifikisha mezani, hata mara moja sikumpa nafasi. "Mpaka mezani, hapana," nikasema. "Lakini ni kwa sababu mimi..."

Tableti yake ilikuwa na visanduku viwili tu, na alikuwa ameshagusa kimoja. Alitabasamu, akasema Mzee ana bahati kuwa na mimi.

Wale majirani wawili wa mbugani walisema kweli, mtu akapata shamba asilostahili. Mimi nilisema kweli, mtu akanyang'anywa nyumba aliyoistahili. Wao angalau walijua wanachofanya. Mimi nilitoka pale nikijiona mcha Mungu, na nikabeba vitumbua vilivyobaki.

Kabla ya Krismasi Mzee alihamishiwa nyumba ya wazee upande wa pili wa Parramatta. Kampuni ikanipangia bibi mmoja wa Seven Hills asiyependa mazungumzo. Nilikwenda kumwona Mzee Jumapili moja, bila malipo na bila sare, na uso nimeubeba kwa shida. Hati ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda. Fremu ilikuwa na vumbi.

"Kumi na mbili kwa kumi na nne," aliniambia kabla sijakaa, akizungusha mkono chumba kizima. "Nimewaambia wapime. Safari hii ni futi."

Sikuweza kucheka. Nikamwambia kwamba siku ile nilisema kweli na bado nikamwongopea mkaguzi, na kwamba najuta. Nilitaka aseme si kitu, kama watu wanavyosema. Hakusema. Alishika kigari chake, akajiinua, akaelekea pembeni ambako waliweka birika dogo la wageni. Miguu yangu ikaanza mambo yake.

"Keti," akasema bila kugeuka.

Nikaketi, mikono nimeikalia. Alijaza maji nusu. Alingoja yachemke. Alimimina kwa mikono miwili, akaweka kikombe kwenye trei, na kigari kikaja kikilia chumba kizima, pole pole, chai ikimwagika kidogo kwenye kisahani, mpaka kikasimama mbele yangu. Akakishusha kikombe mezani mwenyewe.

Ilikuwa chai mbaya, ya vuguvugu, haina sukari. Niliinywa yote. Nilimwona kwa macho yangu akiifikisha mezani, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.