Kompyuta Kando ya Cherehani

Mtaani walimwita Nusu, na jina alilipata kihalali. Shule aliiacha kidato cha pili, udereva aliuacha alipojua tu kurudi nyuma, na redio ya jirani ilikaa kwake tumbo wazi mpaka mwenyewe akanunua nyingine. Hata akikaa, mguu wake haukutulia.

Aliyebaki na imani naye ni dada yake, fundi cherehani, aliyempa kona kwenye kibanda chake cha kushonea atengenezee simu. Lakini shemeji alikuwa na lake. Alishasema kwenye saiti yake ya ujenzi wanatafutwa wabeba zege, na kama kijana hana cha kuonyesha, Jumatatu waongozane.

Cha kuonyesha kilikuwa mezani. Dada alitaka kompyuta ya kuchorea mitindo, ikae kwenye upenyo kando ya cherehani, na iwe na mfuniko wa kueleweka, maana pale vumbi la vitambaa linaingia hata kwenye chai. Matundu ya hewa ya kasha lake alishayashonea kitambaa cha chandarua.

Kasha lenyewe Nusu alilipata dogo, kama la viatu vya mtoto. Kwenye kasha kubwa unaunganisha unavyotaka. Kwenye hili, ukikosea zamu umekwisha. Bodi inatangulia, nyaya zinapita pembeni, feni inakaa juu, na kuna skrubu huifikii mpaka ulimi utoke nje. Alishinda ameinama. Skrini ilipowaka, mteja mmoja akapiga makofi. Nusu akachukua mfuniko, akabonyeza.

Haukufunga. Feni iliusukuma juu, ukabaki mwanya wa kupitisha kidole.

Akapima tena kwa futi ya dada. Urefu wa feni ulikuwa sawa kabisa na kina cha kasha. Kumbe alisahau kwamba feni haikai chini, inakaa juu ya bodi, na bodi yenyewe imeinuliwa kwa vijiguu vya shaba.

"Umekata kitambaa sawasawa na mwili," dada alisema bila kuinua macho. "Nafasi ya mshono iko wapi?"

Nusu akajitetea kwamba si inawaka, mfuniko watauegesha tu. Dada alipuliza meza yake, na nyuzi nyekundu za sketi zikaruka, zikatua taratibu ndani ya mwanya.

Kijana akazitazama. Nje rafiki yake alikuwa anapiga mluzi waende mpirani. Akamwambia atangulie.

Akazima, akaanza kufungua. Kuifikia feni ilibidi atoe nyaya, na kutoa nyaya ilibidi ang'oe pawasaplai inayogawa umeme, yaani kila kitu. Feni fupi aliichomoa kwenye kompyuta mbovu chini ya benchi, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka, akapaka mpya, akarudisha kimoja kimoja huku akitukana kwa sauti ya chini. Dada aliacha mshono akamshikia tochi.

Safari hii mfuniko uliingia kwa kubanabana, kama mtu na suruali ya mwaka jana. Ukafunga. Kesho yake akaiwasha, akaiacha ifanye kazi mchana kutwa, haikupata joto la kutisha.

Jioni shemeji akapiga simu kukumbushia Jumatatu. Dada aliibana kwa bega, mikono ikiwa kwenye kitambaa.

"Baba watoto, tafuta mtu mwingine wa zege," alisema. "Huyu ana kazi hapa."

Akakata, akamwambia mdogo wake avute kiti amwelekeze kuitumia kompyuta, maana yeye hata pa kuwashia hapajui.